Safari ya Kwanza Katika Kigari cha Mikate



Ndugu zangu wasomaji, na hasa nyinyi kina mama ambao ndio mnaolifungua jarida hili kabla yetu, leo naomba ruhusa niliweke kando somo letu la haki za jirani. Tutalirudia wiki ijayo, inshallah. Nimerudi safarini, na nimerudi na deni. Deni lenyewe si la fedha. Ni la maneno ambayo nimekuwa nikiyasema mbele za watu kwa miaka mingi, nami nikaja kuyaelewa nikiwa nimekaa juu ya kreti tupu la soda mjini Voi, nikingoja kuletewa chai.

Kisa ni hiki. Mpwa wangu ni seremala huko Kisauni. Mwaka jana alinunua kigari kidogo cha Suzuki kilichokuwa kikibeba mikate kutoka tanuri hadi madukani, akakigeuza kiwe kigari cha kulala. Injini yake ni ya sisi 660, yaani haizidi sana nguvu za pikipiki kubwa. Ndani aliweka kitanda cha mbao chenye urefu wa futi 6 na upana wa futi 4, na chini ya kitanda akatengeneza visanduku vya vyombo na nguo. Kuna mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, dumu la maji la lita 20, taa ndogo inayotumia betri yake peke yake, pazia, na chandarua cha kufunika madirisha. Kusimama ndani huwezi. Ukitaka kugeuka, ni lazima mwenzako akae kitako kwanza. Na jua likikipiga, kigari chote chanukia mkate.

Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, madrasa zimefunga. Kichukueni siku tatu, wewe na shangazi, mkanijaribie." Nyumba yetu imekuwa kimya tangu binti yetu wa mwisho aolewe. Nikaona ni jambo jema. Nilipomuuliza mama watoto tuelekee wapi, nilidhani atasema Malindi au Lamu, kwenye jamaa. Akasema, "Voi." Nikamuuliza Voi kuna nini. Akasema, "Twende tu, Mwalimu."

Usiku wa kuamkia safari nilimwona akipanga nguo zake ndani ya kikapu cha ukili, kile aendacho nacho sokoni. Nikamuuliza, "Begi lako li wapi?" Akanijibu bila ya kuinua uso, "Begi gani?"

Mimi nina mabegi matatu. Moja ni la safari fupi za mihadhara, moja la safari za Lamu wakati wa Maulidi, na moja lilirudi nami kutoka Hijazi. Kwa miaka 29 ya ndoa yetu, yeye ndiye aliyeyapanga mabegi hayo kila nilipoondoka. Kanzu zilikuwa zimepigwa pasi, na mswaki na dawa ya kichwa vilikuwa pembeni nisivitafute. Yeye naye amekwenda kwenye harusi na matanga, lakini nguo zake zilisafiri ndani ya begi langu au la mmoja wa binti zetu. Sikuwahi kulitambua hilo. Nikamwazima lile la Hijazi, naye akacheka akasema ni kubwa mno kwa leso mbili.

Tuliondoka asubuhi baada ya sala ya Alfajiri. Kabla hatujatoka mpwa wangu alitueleza kila kitu kwa fahari, hata rafu ndogo ya vitabu aliyonitengenezea kichwani mwa kitanda. Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na choo kitakuwa wapi?" Tukatazamana, mimi na mpwa wangu. Wanaume wawili tulikuwa tumekaa wiki nzima tukipanga mahali pa vitabu, na jambo la kwanza ambalo mwanamke hana budi kulijua kabla hajatoka nyumbani halikutupitia akilini.

Basi nalisema mapema, lipate kuwafaa watakaotutokea nyuma. Kigari cha namna hii si nyumba. Chataka uwanja wenye lango, mlinzi, choo na bafu, nanyi mlipe mnachotakiwa kulipa. Msilale kando ya barabara. Njia yetu hii inapita baina ya mbuga mbili za Tsavo, ya Mashariki na ya Magharibi, ambazo zimekuwa mbuga za taifa tangu mwaka 1948, na ndovu hawajui kwamba sisi tuko likizoni. Sitara ya mwanamke nayo ipangwe kabla ya safari, si baada ya jua kutua. Mapazia yawe mazito, na yajaribiwe usiku taa ikiwaka ndani, huku mmoja amesimama nje akitazama. Sisi tulijaribu Voi, tukaona kwamba pazia la nyuma lilikuwa likionyesha kila kitu kama kioo. Tuliweka leso juu yake.

Njiani tulisimama Mackinnon Road, penye msikiti ulio kando ya reli. Wasafiri wengi wa barabara hii wanaujua. Ndani yake kuna kaburi la Sayyid Baghali, aliyekuja kutoka Bara Hindi kufanya kazi katika ujenzi wa reli, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Tulipumzika, tukatia maji, tukangoja adhuhuri. Mama watoto aliniuliza kama naye anaruhusiwa kukusanya na kupunguza, kwa kuwa hakuwahi kufanya hivyo. Swali lile lilinichoma. Nimefundisha mlango wa sala ya msafiri mara zisizo na idadi, na mke wangu hakuwahi kupata safari ya kuutumia.

Na kwa faida ya wote, ruhusa hii ni ya mwanamke kama ilivyo ya mwanamume. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, safari ikiwa ni ya marhala mbili, ambazo wanavyuoni wanazikadiria kuwa kilomita 80 na ushei, msafiri akishatoka nje ya mji wake huzisali rakaa 2 zile sala za rakaa 4. Anaweza pia kuikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Magharibi haipunguzwi, wala Alfajiri. Akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa hiyo humwondokea. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kiasi cha kilomita 150, kwa hivyo hatukuwa na shaka. Ama kibla, sisi watu wa pwani hii Mwenyezi Mungu ametusahilishia. Makka iko karibu kaskazini yetu moja kwa moja, hata Voi haibadiliki sana. Jua la jioni likiwa kushoto kwako, umeelekea.

Tulifika Voi alasiri, tukapata nafasi katika uwanja wa nyumba moja ya wageni. Mimi, kama kiongozi wa msafara, nilitoa kitabu, nikaketi juu ya kreti lililokuwa pale chini ya mti, nikangoja chai.

Nyumbani chai huja. Sisemi kwa majivuno, nasema kama ilivyo. Nimekaa sebuleni, baina yangu na jikoni kuna ukuta na ua, na chai huja na kitu cha kutafunia. Pale Voi hapakuwa na ukuta. Mlango wa kigari ulikuwa wazi mbele yangu, nami nikaona jinsi chai inavyokuja. Alitoa godoro upande mmoja ili afungue kisanduku cha mtungi. Akautoa mtungi nje akiwa amepiga magoti, kwa kuwa kusimama hawezi. Akarudi kutafuta kiberiti, akakuta kiko chini ya vitabu vyangu. Akavitoa vitabu, akavipanga tena. Akashuka na dumu la maji, akalikuta zito, akalipumzisha, akalinyanyua tena. Akaingia kutafuta majani ya chai. Safari yote hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu, hatua tatu kutoka nilipokaa. Chai ilipokuwa tayari akaniletea kikombe. Nikaionja, na bila ya kufikiri nikasema, "Na sukari?"

Sukari ilikuwa kwenye kopo, mlangoni mwa kigari. Akanitazama. Hakuwa na hasira. Akasema kwa upole, "Mwalimu, mkono wako ni mrefu kuliko wangu."

Kisha akaketi na kikombe chake, akatazama milima. Sikupata neno la kumjibu. Nilinyoosha mkono nikalichukua lile kopo, na mkono ukafika.

Kina baba wanaosoma haya, nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu najua mtakuwa mmeshapata jibu la kunipa. Nami nilikuwa nalo, kwamba mimi natafuta, yeye atengeneza, na kila mtu ana kazi yake. Lakini pale hapakuwa na kazi niliyokuwa nikitafuta. Tulikuwa likizoni sote wawili, ila mmoja tu ndiye aliyekuwa amepumzika. Nyumba kubwa ina hikima yake na ina kificho chake. Ukuta wa jikoni unaotusitiri tusionekane na wageni, ndio huohuo unaotuficha sisi wanaume tusione.

Tena si kwamba sikujua. Nani katika sisi wafundishaji hajaisoma ile habari ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani mwake? Akaeleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Imepokewa pia kwamba alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na ambaye kura yake imetoka husafiri naye. Safari ile haikuwa ya starehe kama hii yetu, nao walikwenda. Na katika mojawapo ya safari hizo aliwatanguliza watu mbele, akashindana mbio na Bibi Aisha. Hadithi hii nimeisimulia katika mihadhara ya harusi mara nyingi, na watu wakacheka na kufurahi. Nami nikarudi nyumbani, nikalivua joho, nikangoja chai.

Asubuhi ya pili kiongozi wa msafara alibadilika. Imekuja katika mafundisho ya Mtume kwamba watu watatu wakisafiri wamchague mmoja wao awe kiongozi. Sisi tulikuwa wawili, lakini nikamwambia mama watoto, "Leo amri ni yako, na chai ni yangu." Nilipika mimi. Maziwa yalichemka yakamwagika, yakazima jiko, na mahamri aliyoyabeba kutoka nyumbani nikayaunguza upande mmoja. Yeye alikaa mlangoni, mikono yake juu ya magoti, haijui pa kwenda. Mara mbili aliinuka kuja kunisaidia, na mara mbili nikamwambia akae. Mara ya tatu hakuinuka.

Hapo ndipo lilipokuja jambo ambalo twalicheka mpaka leo. Mpwa wangu alikuwa amepaka rangi ubavuni mwa kigari, lakini maandishi ya zamani yalikuwa bado yanaonekana kwa chini: MIKATE. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaja moja kwa moja mpaka nilipo, na mwiko mkononi mwangu, akaniuliza, "Mkate wa leo upo?" Nikamweleza kwamba hapa hapauzwi mkate. Akaniangalia, akayaangalia mahamri, akaangalia maandishi, akaona ni mzee anayemficha bidhaa. Mama watoto akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya buibui. Akampa mahamri manne, yale ambayo hayakuungua. Nilikuwa sijamsikia akicheka namna ile kwa muda mrefu, nami sikumbuki tangu lini.

Baada ya chai akasema, "Sasa nipeleke stesheni." Nikadhani anataka kuiona ile mpya, inayobeba abiria wa SGR tangu mwaka 2017. Akasema, "La, ile ya zamani." Tukaenda, tukashuka, akatembea mbele yangu kama mtu ajuaye njia, mpaka penye nyumba za wafanyakazi wa reli. Akasimama, akahesabu milango kwa kidole. Akasema, "Tulikaa hapa. Nilisoma hapa mpaka darasa la tatu. Mama alilima mchicha pale nyuma, na ndovu wakaja usiku mmoja wakaumaliza wote. Asubuhi baba alitubeba mabegani kutuonyesha nyayo."

Mkwe wangu, Allah amrehemu, nilijua alikuwa mtu wa reli. Nilimzika kwa mikono yangu. Lakini kwamba mke wangu alikuwa mtoto wa Voi, kwamba alizijua nyayo za ndovu kabla ya kuijua bahari, hilo sikulijua. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Akanijibu, "Hukuniuliza." Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anayetoa taarifa ya mvua.

Miaka 29, ndugu zangu. Namjua apendacho kula, namjua anapougua kabla hajasema, nazijua dua anazoziomba kwa sauti. Na kumbe kuna mlango mzima wa maisha yake ambao sikuwahi kuubisha.

Siku hiyo tulipanda milima ya Taita kupitia Mwatate, mpaka Wundanyi. Kigari kilipanda kwa gia ya pili, malori yakitupita na watoto wa shule wakitupungia. Huko ni baridi, na sisi watu wa Mombasa tulikwenda na shuka moja na kikoi. Mzee mmoja tuliyejuana naye kwa njia ya rafiki alitukaribisha uwanjani mwake. Si wa dini yetu, lakini yeye na mkewe walitutazama jinsi tulivyojikunyata, wakaingia ndani, wakatuletea mablanketi mawili na chupa ya maji ya moto. Somo la haki za jirani nililoliahirisha, naona wao walilimaliza kabla yangu.

Na baridi hiyo ndiyo inayonifanya niwape tahadhari kubwa kuliko zote. Mtu akisikia baridi usiku hutamani kuwasha jiko ndani na kufunga milango. Msifanye hivyo kamwe, si kwa gesi wala kwa makaa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na gesi nayo yaweza kuitoa, na aliyelala ndani haamki kujua. Pikeni nje, fungeni mtungi barabara kabla ya kulala, na acheni dirisha wazi kidogo penye chandarua. Baridi hutibiwa kwa blanketi.

Usiku ule, kwa sababu kitanda ni cha futi 4 na hakuna pengine pa kwenda, tulizungumza. Nyumbani yeye huwa jikoni nami niko kwenye vitabu, na tukikutana usiku huwa tumechoka. Alinieleza habari za Voi, na mwalimu wake wa darasa la kwanza, na siku walipohama. Alinieleza pia, kwa taratibu, kwamba tangu binti yetu aondoke kuna asubuhi anapopika sufuria kubwa kwa mazoea, kisha akakaa akiitazama. Nilikuwa nikiula wali ule mchana, na usiku, na siku ya pili, na nikalalamika kwamba ni kiporo.

Sisemi kwamba kila mtu anunue kigari. Wengi hamna uwezo huo, nami sina, kile ni cha watu na nimekirudisha. Hata siku moja Mtwapa, kwa matatu, na chakula ndani ya kikapu, yatosha. Ninalowaomba kina baba ni mambo mawili. La kwanza, safiri na mkeo safari ambayo hutokwenda kuhutubia wala kununua wala kuzika, na humo ndani ubebe zamu yako ya kazi. La pili, muulize jambo moja la maisha yake kabla ya kukujua, kisha unyamaze mpaka amalize. Nanyi kina mama, mkiulizwa, semeni. Msitungoje tuotee.

Jumamosi tulikwenda dukani, mimi na yeye, akajichagulia begi. Hakutaka langu, wala la magurudumu nililomwonyesha mimi. Alichagua dogo la kijani lenye mifuko mingi. Sasa limetundikwa msumarini nyuma ya mlango, kando ya yangu matatu. Jana nimemuuliza safari ijayo ni wapi. Amesema bado anafikiri, nami nasubiri, na chai ya asubuhi naipika mimi siku za Ijumaa. Maziwa bado yanamwagika.

Mwenyezi Mungu azipe nyumba zetu mapenzi na huruma, atusamehe tuliyoyaona tukayanyamazia, na tusiyoyaona kwa kutotazama. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.